Kinyozi wa Omaha na Kitabu cha Kanuni

Msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, swali langu la juma hili ni fupi. Mbunge mmoja, asiye na chama nyuma yake, asiye na fedha, aliyechaguliwa na watu wa mtaa wa wanyonge, anaweza kufanya nini katika bunge ambalo wenzake karibu wote wanatazama upande mwingine?

Najua wengi wetu jibu tunalo mdomoni. Tutasema hawezi kitu, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Siipingi methali hiyo, maana wazee waliotuachia walikuwa wameona mengi. Lakini leo nawaomba tusafiri hadi Marekani, katika jimbo la Nebraska, tumtazame mtu aliyekaa bungeni miaka 46 akijaribu kuvunja chawa kwa kidole kimoja. Mara nyingine aliweza, mara nyingine alishindwa. Jina lake ni Ernie Chambers.

Kwanza tuelewane juu ya bunge lenyewe. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. Mambo mengi yanayomgusa mwananchi wa kawaida huamuliwa katika mabunge hayo ya majimbo: shule, magereza, polisi, hata kama muuaji anyongwe au afungwe maisha. Majimbo 49 yana mabunge ya vyumba viwili. Nebraska peke yake ina chumba kimoja. Wananchi waliupitisha utaratibu huo mwaka 1934 kwa kuhimizwa na mwanasiasa wao mashuhuri, George Norris, na bunge hilo likaanza kazi mwaka 1937. Leo lina wajumbe 49, wanaoitwa maseneta, na katika karatasi ya kura jina la chama cha mgombea haliandikwi.

Nebraska ni nchi ya mahindi na ng'ombe, na wakazi wake wengi ni weupe. Makao makuu yake ni Lincoln, lakini mji mkubwa ni Omaha. Weusi wengi wa jimbo hilo wanaishi Omaha, hasa upande wa kaskazini wa mji. Mji huo una kumbukumbu chungu. Mwezi Septemba mwaka 1919, umati wa weupe ulivamia jengo la mahakama, ukamtoa mtu mweusi aliyeitwa Will Brown aliyekuwa akishitakiwa, ukamuua na kuichoma maiti yake hadharani. Miaka sita baadaye, katika mji huo huo, alizaliwa Malcolm X. Na mwaka 1937, mwaka lile bunge la chumba kimoja lilipofunguliwa, alizaliwa Ernie Chambers.

Kijana huyo alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Creighton, hapo hapo Omaha, akahitimu mwaka 1959. Akapata kazi ya posta. Mwaka 1963 akafukuzwa kwa kile kilichoitwa utovu wa nidhamu. Mwenyewe alieleza kwamba kosa lake lilikuwa kupinga wakubwa wa kazi kuwaita wanaume weusi “boys”. Hapa, msikilizaji wangu, sina haja ya kueleza zaidi. Sisi tuliosimuliwa na babu zetu jinsi mzee mwenye wajukuu alivyoitwa “boi” jikoni kwa bwana mkubwa, neno hilo tunalijua lilivyo zito.

Baada ya posta, Chambers akawa kinyozi. Na kinyozi, kama tujuavyo, huketi katika baraza la mtaa. Mteja akiinamisha kichwa husema yaliyomo moyoni: polisi amempiga nani, mwenye nyumba amemfukuza nani, mtoto wa nani kakosa shule. Watengeneza filamu walifika Omaha kutengeneza filamu ya kumbukumbu iitwayo “A Time for Burning”, iliyotoka mwaka 1966. Filamu hiyo inamfuata mchungaji mmoja wa Kilutheri, mzungu, aliyewataka waumini wake wawatembelee tu Walutheri wenzao weusi majumbani mwao. Jambo dogo kama hilo likazua mtafaruku, na mwisho mchungaji akalazimika kuachia kanisa lake. Ndani ya filamu hiyo anaonekana Chambers kwenye duka la kinyozi, akimweleza mchungaji yule ukweli bila kuuzungusha. Filamu ikapendekezwa kugombea tuzo ya Oscar, na kinyozi akajulikana.

Miaka hiyo Omaha ya kaskazini iliwaka moto zaidi ya mara moja. Ghasia zilitokea mwaka 1966, zikarudi mwaka 1968, na mwaka 1969 zikalipuka tena baada ya polisi kumpiga risasi msichana mweusi wa miaka 14. Chambers alikuwa miongoni mwa waliosimama kusema kwa niaba ya mtaa. Mwaka 1970 watu wa mtaa huo wakamchagua kuwa seneta wao, na Januari 1971 akaingia bungeni. Hakuwa mweusi wa kwanza kuingia humo, lakini kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata alikuwa mweusi peke yake.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mtu mmoja kati ya 49 ana kura moja. Kwa kura hiyo hawezi kupitisha sheria yoyote. Chambers alilitambua hilo mapema, akatafuta silaha nyingine. Silaha aliyoipata ilikuwa kitabu cha kanuni za bunge, kile ambacho wabunge wengi wa dunia hii hupewa siku ya kwanza na kukiweka kabatini.

Bunge la Nebraska halikai mwaka mzima. Mwaka mmoja hukaa siku 90 za kazi, mwaka unaofuata siku 60. Kila muswada lazima upate siku ya kusikilizwa na wananchi, kisha upite katika hatua tatu za mjadala na kura. Siku zikiisha, ambao haujapita umekwama. Kwa hiyo katika bunge lile muda ni mali kuliko hata kura. Chambers alijifunza kwamba seneta mmoja anayeruhusiwa na kanuni kupendekeza marekebisho, na kuyasemea kila moja, anaweza kula saa za bunge moja baada ya nyingine. Ili kumnyamazisha zilihitajika kura 33, yaani theluthi mbili ya bunge zima, na kura 33 si rahisi kuzipata kila asubuhi.

Alisoma miswada yote, hata ile ambayo waliopeleka wenyewe hawakuisoma vizuri. Aliona koma iliyokosewa, akaona kifungu kinachopingana na katiba. Wenzake wakajifunza kumwendea mapema kabla ya kuleta jambo lao mezani. Huyu anamwomba aachie muswada wa barabara, naye anajibu: vema, na lile jambo langu la wafungwa je? Hivyo ndivyo kura moja ilivyozaa nguvu ya kura nyingi.

Yapo matunda. Zamani madiwani wa Omaha walichaguliwa na mji mzima kwa pamoja, na kwa kuwa weupe walikuwa wengi, mtaa wa weusi haukupata diwani wake. Chambers alisukuma sheria ya kuugawa mji katika kata, kila kata imchague wake, na mwaka 1981 mweusi akaingia katika baraza la mji. Alipigania pia viboko viondolewe mashuleni, na mwaka 1988 Nebraska ikavipiga marufuku.

Lakini tunda linalotuhusu sisi huku ni la Afrika Kusini. Tunakumbuka kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na kwamba vijana wa ANC walijengewa shule Mazimbu, Morogoro. Wengi wetu tulidhani vita ile ilipiganwa Soweto, Mazimbu na Umoja wa Mataifa tu. Kumbe mwaka 1980, katika jimbo la mahindi na ng'ombe, yule kinyozi alilifanya bunge lake lipitishe azimio la kutaka fedha za jimbo ziondolewe katika makampuni yenye uhusiano na utawala wa Makaburu. Nebraska ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuchukua hatua ya namna hiyo. Azimio lile halikuwa na nguvu ya sheria, lakini mwaka 1984 sheria kamili ilipatikana. Majimbo mengine na vyuo vikuu vilikuwa katika njia hiyo hiyo, na mwaka 1986 Bunge la Marekani likapitisha vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, likiipindua kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan. Sisemi kwamba Chambers ndiye aliyemwangusha Kaburu. Nasema tu kwamba katika jengo lile kubwa la ukombozi lipo tofali moja lililofyatuliwa Lincoln, Nebraska.

Hakuwa mtu wa kupendeza watu. Bungeni, mahali ambapo wenzake walivaa suti na tai, yeye alikuja na fulana ya mikono mifupi na suruali ya jinzi. Alisomea sheria akapata shahada mwaka 1979, lakini hakuwa wakili, kwa sababu Nebraska ilimlazimu kila wakili kujiunga na chama cha mawakili, naye akakataa kulazimishwa. Aliishitaki hata desturi ya bunge lake kumlipa mchungaji kwa fedha za serikali ili aombe sala kila siku. Kesi hiyo ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1983 akashindwa kwa kura sita dhidi ya tatu. Hukumu ile inayobeba jina lake ikawa tegemeo la wale wanaotaka sala ziendelee katika mabaraza ya Marekani. Mtu huweza kuacha jina katika vitabu vya sheria hata kwa kushindwa.

Mwaka 2007 akafanya kituko kilichotangazwa dunia nzima: alimfungulia Mungu kesi mahakamani. Waumini, msikasirike upesi. Lengo lake lilikuwa kupinga mawazo ya kuwafungia baadhi ya watu milango ya mahakama kwa madai kwamba kesi zao ni za upuuzi. Alitaka kuonyesha kwamba mlango wa mahakama ukiwa wazi, uwe wazi kwa kila mtu na dhidi ya kila mtu. Mwaka 2008 jaji akaitupa kesi kwa sababu mshitakiwa hana anwani ya kupelekewa hati ya kuitwa. Chambers akajibu kwamba anayejua yote hahitaji kupelekewa hati.

Wapo waliochoka naye, tena si weupe peke yao. Mwaka 2006 aliunga mkono sheria ya kuzigawa shule za Omaha katika wilaya tatu, akisema watoto weusi tayari wanasoma peke yao kwa hali halisi, basi afadhali wazazi wao wapewe madaraka juu ya shule hizo. Wengi walishangaa kumwona mpinga ubaguzi akiunga mkono mgawanyo ambao ungefuata rangi. Kesi zikafunguliwa, na mwaka 2007 sheria ile ikabadilishwa. Mwaka 2015 aliwafananisha polisi na wapiganaji wa ISIS, watu wakamtaka ajiuzulu, naye akakataa. Ulimi uliomjengea jina ulimletea maadui pia, na mengine aliyosema sina haja ya kuyatetea hapa.

Mwaka 2000 wapiga kura wa Nebraska walipitisha ukomo: seneta akikaa vipindi viwili mfululizo vya miaka minne minne, apumzike. Wengi waliamini kabisa kwamba kipengele hicho kilitungwa kumng'oa mtu mmoja, naye ni yule wa Omaha ya kaskazini. Ukomo ulipomfikia, Januari 2009 akaondoka, baada ya miaka 38. Maadui zake wakashusha pumzi. Lakini sheria ilisema apumzike, haikusema asirudi. Akahesabu miaka yake minne, akagombea tena mwaka 2012, akashinda. Januari 2013 akarudi kwenye kiti akiwa na umri wa miaka 75, kitabu cha kanuni mkononi.

Aliporudi, kazi moja kubwa ilikuwa bado haijamalizika. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa akipeleka muswada wa kufuta adhabu ya kifo. Aliupeleka zaidi ya mara 30. Mwaka 1979 ulipita, gavana Charles Thone akaukataa kwa kura ya turufu. Akaurudisha. Ukaanguka. Akaurudisha tena. Waliomcheka mara ya kwanza walistaafu, wengine walikufa, wakaja wapya nao wakamcheka.

Mwaka 2015 mambo yakageuka. Bunge lilijaa wafuasi wa chama cha Republican, watu ambao kwa kawaida hawagusi adhabu ya kifo. Lakini baadhi yao walianza kuuliza maswali: serikali inayokosea kodi na barabara, tuiamini isikosee katika kuua? Na gharama za kesi hizi zisizoisha, nani anazilipa? Muswada ukapita kwa kura 32 dhidi ya 15. Gavana Pete Ricketts akaukataa. Ili kuipindua kura ya turufu zilihitajika kura 30. Tarehe 27 Mei 2015 kura zikahesabiwa: 30 dhidi ya 19. Hakukuwa na hata moja ya ziada. Mzee wa miaka 77 akawa ameupata ushindi alioutafuta kwa zaidi ya miaka 40.

Ningependa kumalizia hapo, kwa shangwe. Lakini historia haikumalizia hapo. Wapinzani, kwa mchango wa fedha za gavana mwenyewe na baba yake, walikusanya saini za wananchi ili jambo lipelekwe kwenye kura ya maoni. Mwezi Novemba mwaka 2016 wapiga kura, takriban 61 katika kila 100, wakairudisha adhabu ya kifo. Tarehe 14 Agosti 2018 Nebraska ikamuua kwa sindano ya sumu mfungwa aliyewaua madereva wawili wa teksi mwaka 1979, mwaka ule ule ambao muswada wa Chambers ulipita kwa mara ya kwanza. Jimbo hilo lilikuwa halijatekeleza adhabu hiyo tangu mwaka 1997. Januari 2021, ukomo ukamfikia kwa mara ya pili, akaondoka bungeni. Miaka 38 na miaka minane ni 46, na hakuna aliyewahi kukaa zaidi yake katika bunge la Nebraska.

Je, alishinda au alishindwa? Nimelitafakari swali hili, na nadhani limekaa vibaya. Mbunge si mwanasoka wa kuhesabiwa mabao. Waliomtuma hawakumtuma kwenda kushinda kila kura, maana walijua ni mmoja kati ya 49. Walimtuma ili jambo lolote lisipite juu ya vichwa vyao kimyakimya. Na kwa miaka 46 ilikuwa vigumu kulipitisha kimyakimya. Aliyetaka kuwaonea alilazimika kwanza kusimama na kujieleza, mbele ya mtu aliyesoma muswada kuliko yeye.

Huku kwetu tuna mazoea ya kumpima mbunge kwa vitu. Tunauliza ameleta mabati mangapi, amechangia misiba mingapi, timu yetu ya mtaa amewapa jezi? Sisemi vitu hivyo ni vibaya. Mwenye shida haoni aibu kupokea. Lakini tukimpima kwa hayo tu, tunapata mfadhili, na ikija siku ya kupitisha kodi au sheria ya ardhi, mfadhili wetu anagonga meza pamoja na wengine na kurudi nyumbani. Wakati huo mshahara wa seneta wa Nebraska, tangu mwaka 1988, ni dola 12,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa maisha ya Marekani ni cha mtu maskini. Watu wa Omaha ya kaskazini walimrudisha Chambers mara kwa mara bila kutarajia awagawie chochote kutoka humo.

Tunabishana pia juu ya muda: mbunge akae vipindi vingapi kabla ya kung'atuka? Hoja za pande zote mbili ninazielewa. Kiti kikikaliwa sana hupata joto la mwenyewe, akasahau kwamba ni cha kuazima. Kwa upande mwingine, kanuni hazijifunzwi kwa mwaka mmoja, na ukiwaondoa wote wanaozijua, unawaachia bunge makatibu na wenye fedha. Kisa cha Chambers hakitupi hesabu ya miaka. Kinachotuonyesha ni kwamba kukaa muda mrefu ni sawa na gunia tupu: thamani yake ni kile kilichotiwa ndani. Wapo waliokaa miaka 30 na hatukumbuki hata hoja moja waliyoitoa.

Basi uchaguzi ukija mtaani kwako, ndugu msomaji, na mgombea akasimama juu ya gari akiomba kura, mwache aahidi anachotaka kuahidi. Kisha inua mkono umwulize maswali mawili tu. Je, kitabu cha kanuni za Bunge umewahi kukisoma? Na siku wenzako wote watakaposema ndiyo juu ya jambo linalotuumiza sisi wa mtaa huu, utafanya nini peke yako? Ukimsikia anababaika, utakuwa umeokoa miaka mitano.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.